Hitilafu Imeonekana Kabla ya Kuondoka: Mwongozo Kamili kwa Marubani na Wahudumu wa Ndege

Kosa ni lile lile, anayebadilika ni mtu tu. Ndege iko maegeshoni, taa ya kahawia imewaka. Rubani msaidizi anafungua MEL, yaani orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuondoka vikiwa vibovu, anakitafuta kifaa, anaona kwenye safu ya vinavyohitajika pameandikwa sifuri. Anafunga kitabu. "Kapteni, tunaruhusiwa."

Labda wanaruhusiwa kweli. Lakini hajasoma masharti ya safu ya mwisho, hajatazama nini kingine kiliahirishwa jana, wala hajajiuliza kama njia ya leo inapita kwenye mawingu ya radi juu ya Ziwa Victoria wakati kilichokufa ni rada yenyewe ya hali ya hewa. Ile sifuri ameichukua kuwa jibu, na kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Kazi nimeigawa katika hatua tisa. MEL utaikuta kwenye hatua ya tano, na iko huko makusudi. Mifano mingi ni ya Boeing 737 na ATR 72, maana ndizo wengi wetu tunazozifahamu. Kampuni yako ikisema tofauti na ninavyosema hapa, fuata kitabu cha kampuni.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Teki logi ya ndege, yaani kitabu cha kuandikia hitilafu, pamoja na kurasa za hitilafu zilizoahirishwa. Pamoja nayo, logi ya kabini, upande wa abiria.
- MEL ya kampuni, toleo linalotumika leo, na liwe linaihusu ndege yenye namba ile ya mkiani. Ndege mbili za aina moja zinaweza kuwa na vifaa tofauti.
- CDL, yaani orodha ya vipande vya nje ambavyo ndege inaweza kuruka bila kuwa navyo.
- Programu au majedwali ya utendaji: uzito wa kurukia, urefu wa kutulia, yaani wa barabara ambayo ndege inahitaji ili itue na kusimama.
- Mpango wa safari, utabiri wa hali ya hewa na NOTAM (matangazo kwa marubani) za viwanja vyote vya safari, pamoja na kile cha akiba.
- QRH, kitabu cha haraka cha taratibu za hitilafu, hasa sehemu inayosema mfumo upi unaruhusiwa kuzimwa na kuwashwa upya ukiwa chini.
- Namba za simu za kitengo cha matengenezo na za chumba cha uendeshaji.
- Kalamu, na saa inayosoma UTC, yaani saa ya dunia. Sababu ya saa hiyo utaiona hatua ya tano.

Jambo moja la kuelewa kabla hatujaanza. Mtengenezaji wa ndege huandaa orodha kuu, nayo huidhinishwa na mamlaka iliyoipa ndege cheti. Kutokana na hiyo kampuni hutengeneza MEL yake, inayoidhinishwa na mamlaka ya nchi: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, UCAA kwa Uganda. Ya kampuni inaweza kuwa kali kuliko ile kuu; haiwezi kuwa legelege kuliko ile kuu. Kwa hiyo ukisikia "lakini kampuni fulani wanaruka nayo hivyo hivyo", hayo ni mazungumzo ya kantini.

## Hatua ya 1: Acha kila kitu kilivyo, kisha tazama

Mkono wa rubani hupenda kwenda kwenye swichi. Uzuie. Kabla hujazima wala kuwasha chochote, andika pembeni: ujumbe gani umetokea na kwa maneno gani, taa ipi imewaka, swichi husika zilikuwa wapi, umeme ulikuwa unatoka wapi, injini zilikuwa zinazunguka au la. Kama kampuni inaruhusu picha, piga picha ya skrini.

Sababu ni kwamba hitilafu nyingi za umeme hupotea ukizima na kuwasha. Fundi akifika anakuta taa zote zimezimika, anapima, hakuti kitu, anaandika "imepimwa, iko sawa". Nanyi mnaondoka nayo.

Kuwasha upya mfumo kunaruhusiwa pale tu QRH au kitabu cha kampuni kinapoutaja mfumo huo kwa jina, na kwa namna iliyoandikwa. Breka (swichi ya kinga ya umeme) iliyoruka yenyewe ni habari nyingine: imeruka kwa sababu umeme umepita kiasi mahali fulani. Usiirudishe kwa kubahatisha, na breka ya pampu ya mafuta usiiguse kabisa mpaka fundi aseme.

Na gawaneni kazi mapema. Mmoja anashughulikia hitilafu, mwingine anaendelea kuilinda ndege: mafuta yanayojazwa, abiria wanaopanda, redio. Ndege yenye marubani wawili wanaotazama taa moja haina rubani.

Hatua hii imekamilika kama unaweza kumweleza fundi kilichotokea kwa sentensi mbili, na yeye asihitaji kuuliza "ilikuwaje tena?"

## Hatua ya 2: Jua hitilafu ni ya kabila gani

Hapa ndipo watu hupotea njia na kutafuta kwenye kitabu ambacho hakihusiki.

Kifaa kimeacha kufanya kazi: hiyo ni ya MEL. Kipande cha nje hakipo, kwa mfano kifuniko kidogo au ukingo wa mlango wa matairi: hiyo ni ya CDL, na mara nyingi inakuja na adhabu ya uzito au ya mafuta. Kuna uharibifu, yaani bonde kwenye ubavu, alama ya ndege aliyegongwa, tairi lililokatika, mafuta ya haidroliki yanayodondoka: hapo MEL haina la kusema. Vipimo vya uharibifu viko kwenye vitabu vya fundi, na ni fundi anayepima.

Kisha kuna vitu vya starehe: skrini ya abiria, mashine ya kahawa, taa ya kusomea. Haviizuii ndege, ila viandikwe. Mashine ya kahawa ni kifaa cha umeme kilicho karibu na maji. Ikitoa harufu ya kuungua, starehe imekwisha na sasa unazungumzia moto.

Sasa kanuni ambayo wengi wanaikosea: kifaa kinachohusu usalama wa ndege kisipotajwa kwenye MEL, lazima kiwe kizima. Bawa halimo kwenye orodha. Usukani wa mkia nao haumo. Ukikosa jina la kifaa ukasema "haijakatazwa", umeisoma orodha kinyume.

## Hatua ya 3: Iandike kwenye teki logi sasa hivi

Kabla ya kufungua MEL. Kabla ya kuijadili. Ukishaandika, ndege imesimama mpaka mtu mwenye mamlaka atie sahihi, na hiyo ndiyo sababu halisi inayowafanya watu wachelewe kuandika. Utasikia: "Tuiandike tukifika nyumbani, huku hakuna fundi." Kauli hiyo inamhamishia mzigo abiria ambaye hajaulizwa.

Andika ulichokiona, kutambua chanzo mwachie fundi.

Mwandiko dhaifu: *Rada mbovu.*

Mwandiko unaofaa (GPU ni mashine ya umeme ya uwanjani): *Wakati wa ukaguzi kabla ya safari, injini zimezimwa, umeme wa GPU. Rada ya hali ya hewa ilipowashwa ilionyesha ujumbe wa hitilafu kwenye skrini zote mbili. Kipimo cha ndani kimeshindwa. Hakuna breka iliyoruka. Hakuna kilichozimwa na kuwashwa upya.*

Mfano wa gharama ya maneno yaliyopungua ni wa Indonesia. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, Boeing 737 MAX ya Lion Air iliruka kutoka Denpasar kwenda Jakarta huku usukani wa kapteni ukitetemeka kwa onyo la ndege kukaribia kupoteza unyanyuko, na pua ikisukumwa chini hadi marubani wakakata umeme wa mfumo wa kusawazisha mkia. Walipotua, waliandika kwenye logi kuhusu tofauti za mwendo na kimo na taa moja iliyowaka. Mtetemo wa usukani hawakuutaja. Kukata ule umeme nako hawakukutaja, ingawa ndiko kulikowaokoa. Asubuhi yake ndege hiyo hiyo iliruka kama JT610, ikaangukia bahari ya Java na watu 189. Ripoti ya wachunguzi wa Indonesia inazo sababu nyingi, na mwandiko ule pungufu ni mmojawapo.

Mwandiko wako umetosha kama rubani ambaye hamjawahi kukutana anaweza kuusoma usiku, uwanja mwingine, akaelewa ndege ilimfanyia nini mwenzake.

## Hatua ya 4: Swali la kwanza kwa fundi ni kutengeneza

Fundi mwenye leseni akipanda ngazi, usimpokee na ukurasa wa MEL umefunguliwa. Ukifanya hivyo umeshamwambia jibu unalolitaka. Muulize: inatengenezeka hapa? Kipuri kipo? Saa ngapi? Kama uko kituo kisicho na fundi, piga simu kitengo cha matengenezo, na mazungumzo hayo ni ya kapteni mwenyewe.

Muulize pia swali ambalo halipo kwenye fomu yoyote: *hii ni hitilafu yenyewe, au ni dalili ya nyingine?*

Tarehe 20 Agosti 2008, Madrid, MD-82 ya Spanair ilikuwa inakwenda Gran Canaria. Ikiwa njiani kwenda kuruka, marubani waliona joto lisilo la kawaida kwenye kipima joto cha hewa ya nje. Kipasha moto chake kilikuwa kinafanya kazi chini, wakati kinatakiwa kufanya kazi angani tu. Wakarudi maegeshoni. Mafundi wakafungua MEL: kipasha moto hicho kinaweza kuwa kibovu ikiwa hakuna barafu njiani, na siku ile ilikuwa ya jua kali la kiangazi. Breka ikavutwa, karatasi zikatiwa sahihi. Kwa mstari ule mmoja wa orodha, kila kitu kilikuwa sawa.

Swali halikufika mbali zaidi: kwa nini kifaa cha angani kinajiona kiko angani ndege ikiwa chini? Umeme wa kipasha moto kile ulipitia relei (swichi ya umeme inayojiendesha) moja na onyo linalopiga kelele kama unaruka bila flapu, vipande vya bawa vinavyotolewa ili kuongeza unyanyuko. Marubani, wakiwa wamechelewa, waliondoka bila kuzitoa flapu na slati. Onyo halikulia. Walikufa watu 154 kati ya 172. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kuwa relei ile ndiyo iliyonyamazisha onyo, lakini mtu yeyote anayeshika MEL anapaswa kuijua ajali hii kwa undani kuliko anavyozijua kurasa zake.

Ishara ya kukusimamisha: fundi anapokwambia "ni sensa tu" bila kupima, au hitilafu inapoonekana kwenye mfumo ambao usingetarajia uwe umewashwa.

## Hatua ya 5: Sasa fungua MEL, usome mstari mpaka mwisho

Fundi amesema haitengenezeki kwa sasa. Nenda kwenye sura yake. Namba za sura ni za dunia nzima: 21 ni hewa na ubaridi, 24 umeme, 30 barafu na mvua, 32 matairi na breki, 34 uelekezaji, 49 APU, yaani injini ndogo ya kutoa umeme na hewa. Rada ya hali ya hewa iko 34.

Soma kwa mpangilio huu:

Jina la kifaa. Hakikisha ni chenyewe. "Taa ya pampu" na "pampu" ni mistari miwili tofauti, na kuichanganya ni rahisi mno ukiwa na haraka.

Idadi iliyofungwa kwenye ndege na idadi inayohitajika. Ndiyo ile sifuri maarufu.

Kundi la muda wa kutengeneza. A: muda umeandikwa kwenye masharti yenyewe. B: siku 3. C: siku 10. D: siku 120. Siku ya kugundua haihesabiwi. Hitilafu ya kundi B iliyoandikwa saa nne asubuhi ya tarehe 26 Machi inaisha usiku wa manane wa kumalizia tarehe 29. Ya kundi C iliyoandikwa siku hiyo inaisha usiku wa manane wa kumalizia tarehe 5 Aprili.

Hapa ndipo saa ya UTC inapokuja. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tuko saa tatu mbele ya UTC. Saa saba usiku wa kuamkia tarehe 27 kwetu, UTC bado ni tarehe 26, saa 22:00. Logi ikijazwa kwa UTC na mtu akahesabu siku kwa kalenda ya ukutani, siku nzima inaongezeka kimakosa na ndege inaruka nje ya muda. Uliza kampuni yako inahesabu kwa saa ipi, na marubani na mafundi wote watumie hiyo moja.

Herufi (M) na (O). (M) ni kazi ya fundi: kufunga, kukata umeme, kupima kabla ya kuondoka. (O) ni kazi yako: utaratibu unaobadilisha namna unavyoendesha safari. Kuna mistari yenye zote mbili. Ukiona (O), fungua ukurasa wake na uusome. Sisemi uutazame.

Masharti. Maneno kama "isipokuwa", "mchana tu", "mradi" ndiyo yanayoamua. Kwa rada, sharti la kawaida ni kwamba pasiwe na radi au hali mbaya ya hewa iliyotabiriwa kwenye njia, ya aina ambayo rada ingeiona.

Kuongeza muda uliopangwa ni jambo lenye utaratibu wake kati ya kampuni na mamlaka. Rubani haongezi, na fundi wa zamu haongezi kwa simu ya meneja.

## Hatua ya 6: Soma zilizoahirishwa kama kundi

MEL imeandikwa mstari kwa mstari. Ndege hairuki mstari kwa mstari.

Mfano rahisi kuliko yote: Boeing 737 ambayo APU yake iliahirishwa juzi. Leo jenereta ya injini moja imekufa. Mstari wa jenereta unakuruhusu kuondoka, ila unataka jenereta ya APU iwe inafanya kazi ichukue nafasi yake. Kila mstari peke yake unaruhusu; ikikutana miwili, ndege haiendi popote. Mwenye kusoma mstari wa leo tu hatagundua.

Kuna migongano isiyoandikwa popote. Rada imekufa, na taa moja ya kutulia imeahirishwa, na safari ni ya usiku kipindi cha masika. Hakuna mstari unaokataza. Anayetakiwa kuona uzito wake ni kapteni, na mamlaka tayari zimempa nguvu hiyo: ruhusa ya MEL haimlazimishi kuondoka.

Tazama pia kurasa za nyuma za logi, angalau za wiki mbili. Hitilafu ileile iliyofungwa kwa "imepimwa, iko sawa" mara tatu bado ipo. Mwambie fundi, na uitaje kwenye mwandiko wako kuwa ni ya kujirudia.

## Hatua ya 7: Ilete kwenye safari ya leo

Hii ndiyo hatua ninayoona inarukwa zaidi, na ndiyo inayostahili dakika nyingi. Chukua hitilafu uitembeze kwenye safari nzima, kuanzia maegeshoni mpaka maegeshoni.

*Rada, Dar es Salaam kwenda Mwanza, ndege ya alfajiri.* Ziwa Victoria huzalisha radi usiku na kuelekea alfajiri, wakati nchi kavu imepoa na maji bado yana joto. Utabiri wa Mwanza ukisema kuna mawingu ya radi, sharti la MEL limevunjika na mjadala umekwisha, hata kama Dar kuna nyota. Safari hiyo hiyo saa tano asubuhi, njia ikiwa safi mpaka kiwanja cha akiba, inaweza kuwa halali. Kwa hiyo jibu wakati mwingine ni saa nyingine au ndege nyingine, na hayo ni ya kuongea na chumba cha uendeshaji mapema.

*Paki moja ya hewa (mtambo wa hewa ya ndani) kwenye 737.* Sharti ni kubaki futi 25,000 au chini. Chini huko injini zinakunywa mafuta zaidi. Mpango wa safari uliochapishwa kwa futi 36,000 sasa ni karatasi ya kufungia maandazi. Omba mpya, uongeze mafuta, halafu uangalie kama uzito bado unaruhusu.

*Otopailoti.* Kati ya futi 29,000 na 41,000 ndege hupishana kimo kwa futi 1,000 tu, na kuingia humo kunataka mfumo wa kushikilia kimo, vipima kimo viwili vinavyojitegemea, onyo la kimo na transponda (kifaa kinachoijibu rada ya ardhini) inayotoa kimo. Kimoja kikikosekana, uko chini ya 29,000. Mafuta tena. Na uchovu wa marubani wanaoendesha kwa mkono nao uhesabu.

*Kizuia kuteleza cha breki.* Fungua majedwali ya kutua kabla hujafungua mdomo. Adhabu ya urefu ni kubwa, na barabara ikilowa huenda kiwanja kilichokuwa kirefu kikawa kifupi. Nairobi ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari; mwendo halisi wa ndege ukigusa ardhi ni mkubwa kuliko Mombasa kwa uzito uleule.

*APU, au breki ya propela kwenye ATR.* ATR 72 haina APU. Hutumia injini ya kulia huku propela imefungwa na breki yake. Breki hiyo ikiwa mbovu, unahitaji GPU kila unapozima injini. Dar ipo. Je, kituo cha tatu cha safari yako kina GPU, na inawaka? Kwa ndege ya jeti isiyo na APU, ongeza swali la gari la hewa la kuwashia injini. Piga simu uulize. Ndege nyingi hukwama si kwa hitilafu yenyewe, ni kwa kufika mahali pasipo na kifaa cha kuisaidia.

Fikiria pia marudio. Kuondoka na hitilafu kutoka kituo kikuu ni tofauti na kuondoka nayo kuelekea mahali ambapo hitilafu ya pili itakukuta huna fundi.

Umemaliza hatua hii ukiwa na namba mpya mkononi: kimo, mafuta, uzito wa kurukia, urefu wa kutulia, kiwanja cha akiba. Kama hakuna hata moja iliyobadilika, hakikisha kweli hakuna, isiwe tu hujaitazama.

## Hatua ya 8: Karatasi, vibandiko, na kukipitia chumba cha marubani upya

Kwenye teki logi lazima uone: namba ya mstari wa MEL, kundi, tarehe ya mwisho, kazi ya (M) iliyofanyika, na sahihi ya aliyeirudisha ndege kazini. Kimoja kikikosekana, hujaondoka. Ndani ya chumba cha marubani, kibandiko kiwepo karibu na swichi au kipimo kisichofanya kazi. Breka iliyovutwa iwe na kola yake ili isirudishwe kwa bahati mbaya.

Fundi akishuka, anza upande wa kushoto wa paneli ya juu uende mpaka mwisho, kama ndege umeikuta sasa. Mafundi huhamisha swichi ili wapime, na si kila mara zinarudi. Tarehe 14 Agosti 2005 ndege ya Helios iliondoka Larnaca swichi ya mgandamizo wa hewa ikiwa imebaki kwenye nafasi ya kuendeshwa kwa mkono baada ya ukaguzi wa mafundi usiku. Marubani hawakuiona, na watu 121 hawakufika Athens.

## Hatua ya 9: Waeleze wenzako, kisha anzeni orodha upya

Utaratibu wa (O) usibaki kichwani mwa aliyeusoma. Useme kwa sauti, mahali utakapotumika. Kama unahusu kutua, uutaje sasa na uurudie kabla ya kushuka.

Kwa nini mara mbili? Tarehe 17 Julai 2007, Airbus A320 ya TAM ilitua Congonhas, São Paulo, kigeuza msukumo (kinachosaidia kusimamisha ndege) cha injini ya kulia kikiwa kimezimwa kihalali kwa MEL. Barabara ililowa, na ni fupi. Kinasa data kilionyesha kishikio cha injini ya kulia kimebaki kwenye nafasi ya kupanda wakati kile cha kushoto kimerudishwa nyuma. Breki za hewa za mabawa hazikufunguka. Watu 199 walikufa, 12 kati yao wakiwa chini, nje ya ndege. Namna ya kushika vishikio kigeuza kimoja kikiwa kimezimwa ilikuwa imebadilishwa kabla ya hapo, na huenda ule wa zamani bado ulikuwa unakumbukwa.

Halafu orodha za ukaguzi. Kama mliishia katikati, msiendelee mlipoishia. Rudini mstari wa kwanza. Flapu za Madrid zilisahaulika katika safari ya pili ya kwenda barabarani, baada ya kazi kukatizwa.

Abiria wapewe ukweli mfupi: kuna kifaa kinachoshughulikiwa, tutawapa habari baada ya dakika 20. Na baada ya dakika 20 wapewe habari, hata kama habari ni kwamba bado. Angalia pia saa zenu za kazi. Wekeni mapema, kwa utulivu, saa ambayo ikipita safari hii haitaendeshwa na nyinyi. Ukingoja mpaka dakika ya mwisho kuamua, uamuzi utakuwa umefanywa na haraka.

## Ikitokea milango imeshafungwa

Mpaka wa kutumia MEL uko kwenye vitabu vya kampuni, na kwa kawaida ni pale ndege inapoanza kutembea kwa nguvu zake yenyewe ili iende kuruka. Kabla ya hapo, hata kama imeshasukumwa nyuma, hatua zote tisa zinahusika. Baada ya hapo, QRH inatangulia: simama mahali salama, fanya orodha ya hitilafu, kisha utazame MEL ili ujue kama unaendelea au unarudi. Kama mstari wake una (M), hakuna la kujadili, unarudi.

Kurudi maegeshoni kuna aibu yake, kila mtu anakutazama dirishani. Aibu hiyo huisha kabla ya chai.

## Kwa wahudumu wa ndege

Nyinyi ndio mnaoona mkanda usiofunga, chombo cha oksijeni chenye mshale chini ya kijani, taa ya dharura isiyowaka, kipaza sauti kinachokwama. Mwambieni kapteni ana kwa ana, kabla abiria hawajapanda ikiwezekana, na kiandikwe. Msiamue wenyewe kwamba ni kidogo.

Mlango ambao slaidi yake ya kuteremkia haifanyi kazi unaweza kupunguza idadi ya abiria na kufunga safu za viti. Hapo lodishiti, yaani karatasi ya uzito wa ndege na mgawanyo wake, inabadilika, na maelezo ya usalama mnayowapa abiria yanabadilika pia: mlango huo usionyeshwe kama njia. Kiti kilichofungwa kiwekewe alama, na kisizuie mtu wa dirishani kutoka.

## Mkishatua

Fungua teki logi tena. Andika kama hitilafu ilibaki vile vile, iliongezeka au ilipotea angani, na kama ilipotea, ilipotea wakati gani. Marubani wanaoipokea ndege wakiwa wameshafika, waambie kwa mdomo pia: kilichoahirishwa, tarehe kinapoisha, utaratibu wa (O) ulivyowasumbua au haukuwasumbua. Kama masharti ya MEL yalikuwa magumu kueleweka, peleka ripoti kwa idara ya usalama wa safari. Mistari hurekebishwa, na hurekebishwa kwa sababu kuna mtu aliyeandika kwamba aliusoma mara tatu na bado hakuuelewa.